Jiwe Likishashiba

Siku Amsetou alipomzika mwanawe Moctar, hakutoa hata chozi moja. Wengine mtaani walisema ni imani, wengine wakasema ni kiburi cha wasomi, na Memouna, jirani wa wazazi wake ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alisema moyo wa yule mwanamke umemiminwa kwenye kalibu ukaganda. Wote walikosea, ila Memouna alikosea kidogo kuliko wenzake. Amsetou alikuwa amekufa ganzi. Aliliona kaburi, akauona udongo mwekundu ukishuka, akayaona mabega ya mumewe yakitetemeka, na kilichokuwa kichwani mwake wakati huo ni kama alikuwa amezima tanuri la maabara au hakulizima.

Miaka mitatu ilipita na ganzi haikumtoka. Mumewe, dereva wa lori, alianza kuchagua safari ndefu za kwenda Chad, akawa anarudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili, anasalimia, analala, anaondoka. Amsetou alimchukua binti aliyebaki, Zouliatou, akarudi kuishi kwa wazazi wake katika mtaa wa wasubu shaba pale Foumban. Hakurudi kwa sababu alitaka kufarijiwa. Alirudi kwa sababu hakuweza kupika. Kila aliposhika mwiko mkono ulisimama, na mtoto alihitaji kula. Kwa mama yake, Ma Ngoungoure, jiko halikuzimika, na Amsetou hakulikaribia.

Moctar, ambaye kila siku ya kazi alishinda kwa bibi yake, alikuwa na miaka minne alipoanza kuwa mzito. Ukimwita, anageuka baada ya muda. Kisha likaja tumbo, kukaja kutapika, halafu degedege siku mbili mfululizo. Majibu ya damu yalirudi kutoka Yaoundé siku tisa baada ya maziko, yakisema ni risasi. Si ile ya bunduki, bali madini, yale mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za magari.

Na mtaa mzima ulijua yanatoka wapi. Shaba ya siku hizi si ile ya masultani wa zamani. Ni mabomba chakavu na rejeta za magari, na ili iwe laini, ipenye hadi kwenye kope za sanamu, fundi hutumbukiza kipande cha risasi ya betri. Pa Nsangou, baba yake Amsetou, alifanya hivyo kwa miaka arobaini. Majivu yalifagiliwa uani, mvua ikayachukua, kisima kikayapokea. Tangu lini mtu akaulizwa majivu yake yanakwenda wapi? Pa Nsangou mwenyewe vifundo vya mikono vilikuwa vimelegea. Akiinyoosha mbele, viganja vinaning'inia kama nguo mbichi kambani. Alikuwa bado anafinyanga nta kwa ncha za vidole, mikono imelazwa mezani, lakini chungu cha moto hakukibeba tena.

Kazi ya Amsetou ilikuwa mawe. Katika maabara ya chuo alikoajiriwa, bosi wake, Daktari Tchinda, mtu mfupi mwenye haraka, alianzisha habari ya kuotesha zeolaiti, na jambo hilo ukilieleza mbele za watu linafanana sana na uongo. Unachukua yale mawe mekundu mepesi yenye matundu, yaliyotapikwa na vilima vya moto vya upande wa Foumbot, yale yale yanayomwagwa barabarani kuzuia tope. Unayaponda yawe kama punje za mahindi. Unayaosha, unayatia kwenye chungu cha chuma pamoja na soda kali ya sabuni, unakaza kifuniko kwa nati sita, unaweka ndani ya tanuri, unaacha siku nne. Ukifungua, jiwe limeota. Juu yake na ndani ya kila tundu mna chenga nyeupe, laini kuliko unga, ambazo kwa hadubini utaona ni vijumba vyenye milango, maelfu kwa maelfu. Ndani ya vijumba imekaa sodiamu ya ile soda. Maji yenye risasi yakipita, risasi inaingia na sodiamu inatoka. Jiwe linakula risasi.

Amsetou aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote pale chuoni. Hakuharakisha chungu, hakufungua tanuri kabla ya saa yake, aliosha mawe mara kumi na mbili mpaka maji yasiteleze tena vidoleni. Soda ilimchoma mara mbili, na mara zote mbili aliona lengelenge kabla hajasikia maumivu. Daktari Tchinda alimwambia awe anavaa glavu, naye akaitikia vizuri, akaendelea.

Lakini jiwe nalo hushiba. Baada ya wiki moja ya kazi vijumba vimejaa, na maji yanapita na risasi yake kama yalivyokuja. Hapo unaliloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi nyingi. Sodiamu ya chumvi inajazana mlangoni, inaisukuma risasi nje, na jiwe linapata njaa upya. Kilichotapikwa kinabaki katika yale maji ya chumvi, na maji hayo ni mabaya kuliko kisima chenyewe mara mia.

Machujio yaligawiwa kwa nyumba ishirini na mbili, ndoo mbili mbili, ya juu ina mawe, ya chini ina bomba. Amsetou aliwafundisha wanawake kwenye baraza la Memouna, kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma vipimo.

"Ngoja nielewe," Memouna alisema. "Hayo mawe yanakula, yanashiba, yanatapika, halafu yanadai chumvi. Amsetou, hujatuletea chujio. Umetuletea shemeji."

Wanawake walicheka hadi mmoja akashika nguzo. Kisha wakanung'unika kuhusu chumvi, kwa kuwa nusu kilo kila Ijumaa si mzaha. Amsetou alisubiri wamalize, akawaambia kwamba maji ya chumvi yamebeba uchafu wote wa jiwe, yasimwagwe uani wala asipewe mbuzi, yaingie kwenye dumu la buluu ambalo gari la chuo lingelichukua kila mwisho wa mwezi. Alisema uchafu. Neno lililotakiwa ni sumu, nalo lilimfika kwenye ncha ya ulimi, lakini waume wa wanawake wale walikuwa pale pale uani na nyundo zao, na baba yake alikuwa ameketi kizingitini, viganja vikining'inia. Mtaa ulikuwa umechoka kuambiwa kwamba kazi yake ni sumu. Akaona uchafu inatosha.

Mwezi wa tatu watoto wote walipimwa kiasi cha risasi katika damu. Zouliatou, ambaye alikuwa na miaka sita, alikuwa na thelathini na nane. Mtoto asiye na tatizo hafiki hata tano. Daktari wa watoto alisema wangoje machujio yafanye kazi yake. Namba zikishuka, vizuri. Zikipita arobaini na tano, atalazwa na kupewa dawa ya kuitoa risasi mwilini. Zikifika sabini, alisema, kisha akatazama faili, akaona jina la Moctar, asiimalizie sentensi.

Mwezi wa sita wakapimwa tena. Nyumba ishirini na moja zilishuka. Mtoto wa mwisho wa Memouna alitoka arobaini na moja hadi ishirini na tatu, na Memouna akapiga vigelegele hadi mlango wa zahanati ukafunguliwa kuangalia kuna nini. Zouliatou alikuwa amefika hamsini na moja.

Amsetou aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akamshika mtoto mkono wakarudi nyumbani kwa miguu. Njiani Zouliatou alimuuliza kitu. Alimjibu, na baadaye hakukumbuka aliulizwa nini. Alijua anapaswa kuogopa. Aliitafuta hofu mahali ambapo hofu hukaa, akakuta pametulia.

Hospitali ilimwahidi mtoto kitanda baada ya wiki mbili, dawa itakapofika kutoka Yaoundé. Katika wiki hizo mbili alilazimika kujua risasi inatoka wapi, maana daktari alimwambia wazi kwamba kumtoa mtoto risasi na kumrudisha kwenye risasi ni kumuua polepole. Akalipima chujio la nyumbani kwao na maji yake yalikuwa safi. Akalivunja jiwe akalitazama kwa hadubini, na vijumba vilikuwa vizima. Basi aliwaza kama mtu wa maabara anavyowaza. Katika nyumba ile, nani anashika risasi?

Alimkuta baba yake kibandani anafinyanga sikio la sanamu ya tembo. Zouliatou alikuwa ameegemea paja lake, anacheza na kipande cha nta.

"Baba, usimshike tena," Amsetou alisema. "Nguo zako, mikono yako, vyote vina vumbi. Na humu asiingie."

Pa Nsangou alimtazama binti yake, kisha akaitazama mikono yake, kama kwamba ndiyo iliyosemeshwa. Hakubisha. Alimwambia mtoto aende kwa bibi yake, na jioni ile akahamishia mkeka na redio kibandani, akalala humo. Chakula alikuwa akipelekewa. Zouliatou alikuwa akisimama mbali, kwenye mstari aliouchora chini kwa kijiti, na kumwambia babu yake habari za siku huku amefunga mikono nyuma, kwa sababu aliambiwa asiguse. Amsetou aliliona hilo kila siku akipita. Alijua kwamba mtu mwingine lingemkata maini. Yeye alipita.

Siku ya kumi alimpima tena. Hamsini na nane.

Habari haikai mfukoni katika mtaa ule. Kesho yake asubuhi kisimani Memouna alisema, si kwa ubaya bali kwa kutojua kunyamaza, kwamba mganga hajigangi. Mwanamke mwingine akaongeza kwamba labda mawe ya nyumba ya mwenye mawe yametiwa kitu. Amsetou alijaza ndoo yake, akasema asanteni, akaondoka.

Siku hiyo alibeba jiko zima kwenda maabara. Alichukua vijiko viwili viwili vya kila kitu na kuvitia katika vichupa: unga wa mahindi, mafuta ya mawese, karanga za kusaga, dagaa, pilipili, chumvi ya pakiti, njapche mbichi, ule mnavu ambao kwao mlo haujaitwa mlo bila huo, na njapche iliyopikwa, kiporo cha jana. Mashine ilisoma kichupa kimoja kimoja. Unga safi. Mafuta safi. Mboga mbichi, safi kiasi. Ilipofika njapche iliyopikwa, namba zilipanda hadi mashine ikakataa, ikabidi aizimue ile mboga kwa maji mara ishirini ndipo mashine isome.

Daktari Tchinda aliisoma begani kwake. Aliuliza hiki ni nini.

"Mboga ya mama," Amsetou alisema.

Alifika nyumbani saa kumi alasiri, saa ya kupika. Akaingia jikoni. Ma Ngoungoure alishangaa kidogo tu, akamsogezea kigoda bila kusema, kwa sababu alikuwa amengoja miaka mitatu binti yake aingie mle na hakutaka kumshtua. Amsetou aliketi. Aliona njapche ikichambuliwa, ikioshwa kwa maji ya chujio, ikikatwa. Aliona sufuria ikibandikwa. Kisha mama yake akainama chini ya rafu, akafunua mtungi mdogo wa udongo uliofunikwa kitambaa cheupe, akachota maji kwa kata, akamimina.

"Maji gani hayo, mama?"

"Ya chumvi. Ya mawe yako."

Alilisema kwa fahari. Akaeleza, maana nani asiyependa kueleza akiba yake. Usiku wa Ijumaa analoweka mawe kama alivyofundishwa. Asubuhi anayatoa, anayaacha yale maji yatulie hadi adhuhuri. Uchafu unakwenda chini, ule wa kahawia, na huo anaumimina kwenye dumu la buluu, hakuna tone linaloanguka uani. Maji ya juu, meupe kabisa, anayachuja kwa kitambaa mara mbili. Ndivyo mama yake alivyomfundisha kutengeneza chumvi ya majivu, zamani, wakati chumvi ya dukani ililambwa siku ya Idi tu: unachoma majani ya bondeni, unapitisha maji kwenye majivu, uchafu unabaki, chumvi inatoka, na maji yale ndiyo yanayolainisha njapche na kuipa rangi.

"Chumvi nusu kilo nzima, mwanangu. Niitupe? Akiba haiozi. Na mtoto anaipenda. Sahani yake huwa naitia mchuzi mwingi."

Amsetou alikumbuka daftari la maabara. Kila mwisho wa mwezi aliandika kila dumu lina lita ngapi. Dumu la kwao lilirudi nusu, mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Hakujiuliza. Aliandika pembeni "mama hatumii maji ovyo", na mbele ya wanawake wote, kwenye baraza la Memouna, akamsifu mama yake na kuwaambia waige.

Alisimama, akaipua sufuria, akaiweka chini. Kisha alimwambia mama yake yote kwa sauti ile ile ya vipimo. Kwamba jiwe halitoi uchafu unaoonekana. Kwamba risasi ikiwa ndani ya maji ya chumvi haina rangi, haina harufu, haitulii chini, haizuiwi na kitambaa. Kwamba chumvi ndiyo inayoitoa ndani ya jiwe. Kwamba mtoto ana hamsini na nane. Alimaliza, akaona hakuna la kuongeza.

Ma Ngoungoure alikuwa bado ameshika kata. Mafuta yalikuwa yanaungua kwenye kikaango na hakuna aliyeyaondoa. Aliuliza jambo moja tu.

"Na Moctar?"

"Hapana, mama. Wakati wa Moctar mawe hayakuwepo."

"Nilimpikia mimi."

"Ulimpikia. Ilikuwa kisima. Kila mtu alikunywa kisima."

Ma Ngoungoure aliitikia kwa kichwa, lakini alikuwa mtu aliyekula chumvi nyingi, na watu wa umri huo hukubali jambo kwa adabu bila kuliamini. Akaubeba mtungi kwa mikono miwili hadi kwenye dumu la buluu, akaumimina polepole asimwage tone, kisha akaufunga mtungi ndani ya kitambaa chake cheupe na kumwomba binti yake aupeleke huko chuoni, wauvunje wao.

Amsetou alitoka, akaenda kibandani. Pa Nsangou alikuwa anasikiliza redio. Alimwambia haikuwa yeye, akamwambia ilikuwa nini, akamwomba radhi. Maneno yalitoka sawasawa, kila moja mahali pake, na yeye mwenyewe aliyasikia kama yanasomwa na mtu wa redio.

"Ungejuaje?" Pa Nsangou alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamini."

Hilo ndilo lililomfuata hadi kitandani. Si kwamba lilimuuma. Lilimfuata tu, likakaa.

Zouliatou alilazwa siku kumi na tisa. Dawa ilimtapisha, ikamtoa jasho, ikamfanya awachukie wauguzi wote isipokuwa mmoja mwenye pengo. Alitoka na thelathini na tatu. Wiki tatu baadaye alikuwa na ishirini na saba. Huko mtaani, Amsetou aliwakusanya wanawake kwenye baraza lile lile na kuwaambia kilichotokea nyumbani kwao, kwa jina la mama yake na kwa jina lake mwenyewe, na safari hii alisema sumu. Memouna, kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akakiri kwamba mbuzi wake alikuwa akilambishwa yale maji, yule aliyekufa mwezi wa tano, ambaye kwa ajili yake alikuwa amemshitaki mke mwenzake kwa uchawi. Daktari Tchinda akaagiza chumvi ya kulowekea mawe ichanganywe na buluu ya kufulia kabla ya kutumiwa, ili maji yasionekane meupe kamwe. Jambo dogo, la bei ya pipi. Lingeweza kufanywa tangu mwanzo, na Amsetou alilijua hilo.

Lakini nyumbani Ma Ngoungoure aliacha kutia chumvi. Hakutangaza. Alipika ugali, akapika njapche, akaweka pilipili, akapakua, na chakula hakikuwa na ladha yoyote. Siku ya kwanza walidhani amesahau. Siku ya pili Pa Nsangou, ambaye sasa alikuwa amerudi kula mezani, alikohoa kidogo akaendelea kula. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha. Pakiti ya chumvi ilikuwa kwenye rafu, haijafunguliwa. Kila mtu alimeza, kila mtu akashukuru, na hakuna aliyesema neno, kwa kuwa kumwambia mwanamke yule habari ya chumvi kulionekana ni kumrudisha kwenye mtungi. Amsetou alikula bila shida. Kwa miaka mitatu hakuna chakula kilichokuwa na ladha kinywani mwake.

Ni Zouliatou aliyechoka. Alisukuma sahani Jumapili moja, siku mbili baada ya kipimo cha ishirini na saba.

"Bibi, mboga haina chumvi. Haina chumvi kila siku. Hata hospitali walikuwa wanatia."

Pa Nsangou alitazama ukutani. Ma Ngoungoure alianza kuzikusanya sahani ingawa hakuna aliyekuwa amemaliza, akisema kwamba kuanzia kesho Amsetou apike, au waletewe chakula na Memouna, yeye amezeeka, mkono wake si wa kupikia mtu.

Amsetou aliinuka. Aliileta sufuria kutoka jikoni, akaiweka katikati yao, akaichana pakiti ya chumvi kwa meno na kuishika mbele ya mama yake.

"Mimi ndiye niliyekusifu, mama. Niliona dumu ni nusu, miezi mitatu, nikakusifu mbele za watu. Nilisema uchafu, sikusema sumu, kwa sababu niliona haya. Hiyo ni yangu. Tia chumvi."

"Tia wewe."

"Mimi sijui kukadiria. Wewe ndiye unayejua."

Ma Ngoungoure alichota kwa vidole vitatu, kama alivyochota maisha yake yote bila kuangalia. Akapeleka mkono juu ya sufuria. Hapo mkono ukakwama. Vidole vilikuwa vimefumbata vikawa vyeupe kwenye maungio, na havikufunguka. Alivitazama. Wote walivitazama. Pa Nsangou aliuinua mkono wake kumsaidia, kiganja kikaning'inia, akaushusha.

Zouliatou alidhani ni mchezo. Bibi yake alikuwa na mchezo kama huo, wa kuficha pipi. Alipanda juu ya kigoda, akaushika ule mkono, akaanza kuvifungua vidole kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti na kucheka, kidole gumba, cha shahada, cha kati. Chumvi ikaanguka ndani ya mboga.

Amsetou alikoroga, akaonja kwanza yeye. Ilikuwa imekaa sawa kabisa. Aliisikia ulimini, chumvi na ule uchungu mdogo wa njapche, na nyuma yake mawese, na ghafla akamkumbuka Moctar akila mboga hiyo hiyo kwa mikono miwili, mdomo mzima wa kijani, akidai aongezewe. Mwiko ukamtoka mkononi. Alilia vile watu walivyomngojea alie miaka mitatu iliyopita, bila staha, makamasi na yote, hadi Memouna akachungulia dirishani na kwa mara ya pili maishani mwake asiseme kitu.

Ma Ngoungoure aliketi chini karibu naye, akamvuta kichwa mapajani.

Zouliatou alikuwa amesharudi kwenye sahani yake. Alimuuliza babu yake kama mama analia kwa sababu ya pilipili. Pa Nsangou alimwambia ndiyo, ni pilipili, na ale mboga yake kabla haijapoa.